Kosa la fundi wa ndege si uzembe wake peke yake

Wengi huamini kwamba makosa katika matengenezo ya ndege hutokana na fundi mzembe, na kwamba akishafukuzwa, hatari imekwisha. Safari namba 5390 ya British Airways inaonyesha vingine. Tarehe 10 Juni 1990, kioo cha mbele cha ndege hiyo kiling'oka angani nchini Uingereza, na rubani mkuu akavutwa nje nusu mwili. Alinusurika kwa kushikiliwa na wahudumu. Kati ya bolti 90 za kioo hicho, kilichobadilishwa saa 27 kabla, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa tofauti ya takribani milimita 0.66 tu. Aliyezifunga alikuwa msimamizi wa zamu, mzoefu, aliyefanya kazi usiku, akazichagua kwa kuzilinganisha kwa macho na za zamani penye mwanga hafifu, wala hakuna kanuni iliyodai mtu wa pili aikague kazi ile.

Kuzuia makosa mapema, basi, ni kurekebisha hali hizo: taa, lebo za vipuri, mpangilio wa zamu, ukaguzi wa pili, na utaratibu wa kuripoti bila hofu. Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo gumu zaidi, kwani fundi anayejua atafukuzwa hatasema kwamba jana nusura afunge bolti isiyostahili.