Wenye kambi za watalii: cheti cha tathmini ya mazingira si cheti cha utalii endelevu

Wenye kambi na nyumba za wageni wa Kondoa, Chemba na kandokando ya Bwawa la Mtera wanazidi kutujia na swali moja: "Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira ninacho, mnataka nini tena?" Tunaamini wanauliza kwa nia njema, ingawa jibu tumeshalitoa mara nyingi.

Cheti cha tathmini ni takwa la Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kinapatikana kupitia NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kabla mradi haujaanza, si baada ya mahema kusimama. Cheti cha utalii endelevu ni cha hiari, nacho kinaangalia unavyoendesha kambi kila siku. Ithibati ni neno jingine kabisa: ni uthibitisho kwamba mkaguzi anastahili kutoa cheti. Baraza la Utalii Endelevu Duniani, GSTC, huweka vigezo na haliipi kambi cheti. Wanaopewa ithibati ni wakaguzi, na hao ndio wanaoipa kambi cheti. Anayekupigia simu kukuuzia "ithibati ya GSTC" mwulize ni mkaguzi wa taasisi gani.

Vigezo vimegawanyika mafungu manne: usimamizi, jamii na uchumi, utamaduni, mazingira. Wengi hukimbilia la mwisho wakidhani ni kupanda miti. Mkaguzi ataomba daftari la maji, lita ngapi zimetumika na zimetoka kisima gani, kwa sababu huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja na kisima hichohicho kinategemewa na kijiji.

Kambi moja niliyoikagua ina kibao cha kijani getini. Nyuma ya jiko nikakuta shimo la chupa za plastiki zilizoyeyuka nusu, na mbuzi wawili wakichokorachokora. "Afisa, mbona tunachoma kila Jumamosi?" mwenyewe akaniuliza. Ndiyo hoja yenyewe, ndugu yangu.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Anayekutwa nayo hutozwa faini ya Sh30,000 hadi Sh200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Mtengenezaji au mwingizaji faini yake inaanzia Sh20 milioni na kufika Sh1 bilioni. Kifuko cha zipu ambacho mgeni amebebea sabuni na mswaki kinaruhusiwa, mradi aondoke nacho. Msimnyang'anye.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira nacho kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mita hizo hupimwa kwa futikamba, hazikadiriwi kwa macho. Kule Mtera wapo wanaodai bwawa ndilo lililowafuata. Bwawa hujaa na kupungua, na alama ya maji ipo kwenye mawe, kila mtu anaiona.

Kwa waongozaji wa Kolo, ambako michoro ya miambani iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006: kumwagia mchoro maji ili picha ya mgeni ing'ae kunauharibu, na mkaguzi atawauliza.

Mkija ofisini, leteni daftari la maji kwanza. Picha za miche tunazo za kutosha.