Mwanzo wa Hadithi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Anayesoma rasimu za waandishi chipukizi wa Mombasa hukutana na jua lile lile likichomoza juu ya Bahari Hindi, jogoo yule yule akiwika Kibokoni, na mhusika yule yule akijinyoosha kitandani. Mazoea haya tuliyabeba kutoka kwenye insha za shule, tulikopewa alama kwa tamathali tulizozikariri, nayo yamezaa dhana kwamba hadithi haianzi mpaka mandhari yachorwe kwanza. Ukweli ni kwamba msomaji hushikwa na jambo lililokwenda kombo. Tazama: "Bi Zuhura alipanda feri ya Likoni akiwa amefumbata funguo za nyumba ambayo jana aliambiwa si yake tena." Hapo tayari kuna mtu, mahali, hasara na swali, jua litachomoza baadaye, kama lina kazi ya kufanya.

Wapo waliokwenda upande wa pili wakaifanya hali ya hewa kuwa mwiko, nao pia wamekosea. Kusi inapochafua bahari, wenye mitumbwi hawatoki na nyumba ya mvuvi hukosa kitoweo. Upepo wa namna hiyo ni tukio, na unaweza kustahili sentensi ya kwanza.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba mwanzo mzuri sharti uwe na kishindo: maiti, risasi, gari linalopinduka. Wanaoitetea humtaja Horace, mshairi wa Kirumi, aliyemsifu Homer, mtunzi wa tenzi wa Kigiriki, kwa kumwingiza msikilizaji katikati ya mambo. Lakini katikati ya mambo si katikati ya fujo, na ni vigumu kumlilia maiti usiyemjua. Bibi zetu walilielewa hili bila Horace. Mtambaji aliposema "Paukwa!" hakuwa akimshtua mtu, alikuwa akidai jibu, na hadithi haikusonga mpaka waliomzunguka waitikie "Pakawa!" Kwenye karatasi hakuna wa kuitikia kwa sauti, kwa hiyo sentensi ya kwanza ndiyo inayopaswa kumfanya msomaji aitikie moyoni.

Kuhusu muundo, wengi huamini kwamba kila hadithi lazima ipande hadi kilele na kushuka kwa hatua 5 zilizopangwa. Mchoro huo ulienezwa na Mjerumani Gustav Freytag mwaka 1863, naye alikuwa akichambua tamthilia. Kuulazimisha kwenye hadithi fupi ya kurasa 6 ni kumvisha mtoto kanzu ya babake. Lililo la lazima zaidi lilisemwa na Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, zamani: tukio lizaliwe na lililotangulia, lisilifuate tu. Bi Zuhura akivuka, kisha akala mahamri, kisha akakutana na shoga yake, hiyo ni ratiba. Akivuka kwa sababu ya funguo, na shoga yake akakwepa kuzitazama, msuko umeanza, na mwisho wowote usiozigusa funguo hizo utamwacha msomaji na deni lisilolipwa.

Imebaki dhana ya kwamba mwanzo huandikwa mwanzo. Katika rasimu yangu ya kwanza Bi Zuhura aliamshwa na jogoo, akajinyoosha, akafungua dirisha. Funguo zilitokea ukurasa wa 9, na zile 8 zilizotangulia nilizifuta zote, pamoja na jogoo.