Mtaro wa majaribio ni nini?

Ukipita kiwanja kinachosubiri ujenzi pembezoni mwa Moshi, ukaona mitaro mifupi imechimbwa mmoja huku, mwingine kule, haifuati msingi wala bomba la maji, hutakosa mtu wa kukwambia: "Wanatafuta mali za Mjerumani." Huku kwetu shimo lisilo na maelezo huwa ni la rupia za Mjerumani. Lakini kama waliomo ndani wameshika miko na brashi, na udongo wanauchekecha, huenda hao ni wanaakiolojia, na huo ni mtaro wa majaribio. Hawatafuti mali. Wanataka kujua, kabla mitambo haijaingia, kama chini ya hapo pana mabaki ya watu wa kale, yako kina gani na yana hali gani.

Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima ili aone kama yameoza. Huchoma bambo sehemu mbili tatu, akatazama kilichotoka. Mtaro wa majaribio ni bambo la ardhi. Uingereza, ambako kazi hii ni ya kawaida, mitaro yote kwa pamoja mara nyingi huchukua asilimia 2 hadi 5 tu ya eneo la mradi. Kwetu hutumika zaidi mashimo ya mraba, ya mita moja kwa moja au mbili kwa mbili.

Penye nafasi, mtambo wa kijiko wenye ndoo isiyo na meno huparua udongo wa juu kidogo kidogo, na mtaalamu amesimama pembeni hapepesi macho. Pengine kazi yote ni ya mkono, sentimita kumi kumi, na kila tabaka hupigwa picha na kuchorwa. Vigae vya vyungu, mawe yaliyochongwa na mavi ya chuma (takataka za kufua chuma) huonekana kirahisi. Kigumu ni kusoma rangi. Nguzo ya nyumba iliyooza karne kadhaa zilizopita huacha duara la udongo mweusi, basi. Jiko huacha wekundu na majivu. Mtu mwenye haraka hukanyaga ushahidi huo akapita.

Mfano mzuri kuliko wote uko mkoani Arusha, Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro. Mwaka 1978 timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ilipata hapo nyayo za zamadamu kwenye majivu ya volkano, zenye umri wa miaka milioni 3.66 hivi. Miaka mingi baadaye likaja wazo la kujenga makumbusho palepale. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaitwa kutathmini eneo, wakachimba mashimo 62 ya mita mbili kwa mbili. Piga hesabu: ni mita za mraba 248, kiwanja kidogo cha nyumba. Nyayo za zamadamu zilitokea katika mashimo matatu tu, yapata mita 150 kutoka zile za mwanzo: 14, za watu wawili, mmoja akikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165 hivi. Matokeo yalichapishwa 2016. Jengo la kuhifadhi nyayo lingeweza kukaa juu ya nyayo!

Kisheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu na majengo ya kabla ya 1863, na waziri anaweza kutangaza vya karibuni zaidi. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inadai miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na hapo ndipo mitaro hii hupata nafasi.

Kikipatikana kitu, mradi si lazima ufe. Jengo linaweza kusogezwa, au sehemu ile ikachimbwa yote kitaalamu kwanza. Mara nyingi hakipatikani chochote, na hapo pana mtego: mtaro mtupu haumaanishi kiwanja kitupu. Fikiria mapango ambayo Wachagga walichimba ardhini, upande wa Marangu, wajifiche na mifugo yao wakati wa vita na Wamasai. Njia nyembamba ya pango kama hilo inaweza kupita katikati ya mitaro miwili isiguswe na wowote. Ndiyo maana kabla ya kupanga mitaro mtaalamu makini hukaa kwanza na wazee wa kihamba (shamba la ukoo), aulize mfongo (mfereji wa maji) wa zamani ulipita wapi na nani alifua chuma.

Kazi ikiisha mitaro hufukiwa. Ramani yake apewe pia fundi wa msingi, maana udongo uliorudishwa bila kushindiliwa hutitia, na ukuta uliojengwa juu yake utapata ufa mvua za masika zikikolea.