Nani anachafua hewa zaidi? Kwanza useme unahesabu nini

"China ndo inaharibu dunia, wengine tunasingiziwa tu." Hii lazima itokee kila mjadala wa kaboni. Kwa jumla ya mwaka ni kweli, China inatoa karibu asilimia 30 ya kaboni dioksaidi yote duniani, ile hewa inayopasha dunia joto, lakini jamani ina watu bilioni 1.4, ukigawa kwa kichwa inakuja kama tani 8, Mmarekani anatoa kama 14, Mhindi kama 2, halafu Qatar ambayo kwenye orodha ya jumla hata haionekani huko juu inapita tani 30 kwa mtu.

Haya, wengine wanadhani kugawa kwa kichwa ndo kumemaliza ubishi. Wapi. Kaboni dioksaidi haipotei mwaka ukiisha, sehemu yake inakaa angani mamia ya miaka, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa Uingereza karne ya 19 bado yanatupasha joto sisi wa leo. Ukijumlisha tangu 1750 Marekani peke yake ina kama robo ya yote, China kama asilimia 15.

Ila dhana inayonikera zaidi ni ile ya "nchi yetu imepunguza, nyie je?" Uingereza imeshuka karibu nusu tangu 1990, na sehemu kubwa ni kazi halali, wameachana na umeme wa makaa ya mawe hadi kituo cha mwisho kikafungwa 2024. Lakini hesabu rasmi inaangalia moshi umetokea ndani ya mipaka ya nani. Friji ikitengenezwa China ikauzwa London, moshi wake unaandikiwa China, anayenywa maji baridi yuko safi kabisa kwenye makaratasi! Ukihesabu kwa mtumiaji, Uingereza inapanda sana na China inashuka kama asilimia 10.

Na hakuna mashine inayopima moshi wa nchi nzima kama mnavyofikiri. Wanachukua mafuta yaliyochomwa wanazidisha na kiwango chake, lita moja ya dizeli kwa mfano ni karibu kilo 2.7 za kaboni dioksaidi. Mafuta ya meli na ndege za kimataifa yanaandikwa pembeni, hayaingii kwenye jumla ya nchi yoyote. Moshi wa kukata na kuchoma misitu nao, orodha nyingi za mitandaoni zinauacha, ndo maana Brazil na Indonesia zinaonekana nafuu kuliko zilivyo.