Je, wajua kwa nini darasa la kwanza husoma "ba, be, bi, bo, bu"?

Pita nje ya shule yoyote ya msingi kati ya Lindi na Newala, kusini mwa Tanzania, asubuhi ya mwezi wa pili. Usafi umekwisha, mafagio ya chelewa yameegemezwa ukutani. Kengele, ambayo mara nyingi ni rimu kuukuu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, imeshagongwa. Watoto wamesimama paredi, wameimba, wamekaguliwa kucha, wameingia madarasani. Haipiti muda, sauti inatoka darasa la kwanza: "Ba! Be! Bi! Bo! Bu!" Mwalimu anashusha kifimbo mstari wa pili ubaoni. "Da! De! Di! Do! Du!"

Wengi wetu tulisoma hivyo na hatukuwahi kuuliza. Aliyeniuliza mimi ni mpwa wangu, aliyeanza darasa la kwanza Masasi. Alikuja na daftari lake barazani, akaweka kidole kwenye silabi ya mwisho ya mstari.

"Mjomba, bu ni nini?"

Nilikosa jibu la haraka. Bu si mnyama, si tunda, si jina la mtu. Be nayo si kitu. Kwa nini basi mtoto mdogo, ambaye angefurahia zaidi kusoma habari za sungura, aimbishwe kwa wiki nyingi vipande visivyo na maana?

Ni kwa sababu ya namna Kiswahili kilivyojengwa. Silabi zetu za asili, karibu zote, huishia na irabu, na irabu ni tano tu: a, e, i, o, u. Konsonanti inatangulia, irabu inafuata, silabi imekamilika. Maneno ya mkopo kama daktari na labda yana konsonanti iliyofunga silabi katikati, lakini ni machache, na mtoto hukutana nayo baadaye. Zipange konsonanti zetu, kuanzia b, ch, d, f hadi z: utapata 19. Zidisha mara tano, ni silabi 95. Ongeza dh, gh, ng', ny, sh na th, zinaongezeka 30. Silabi kama wu na yi hutazikuta mara nyingi, lakini hesabu inaonyesha jambo lenyewe: kwa vipande 125 hivi, pamoja na miunganiko kama mb, nd na kw, mtoto anaweza kusoma karibu kila kitu kilichoandikwa kwa lugha yake, hata neno ambalo hajapata kulisikia.

Na kipande hakimgeuki. Ba ya baba ndiyo ba ya bahari na ndiyo ba ya kibanda. Atakapofika kwenye somo la Kiingereza ataona tofauti: neno "cut" na neno "put" yameandikwa kwa u ileile, lakini kila moja lina sauti yake. Maandishi ya Kiswahili tunayotumia leo yalisanifiwa kuanzia 1930, ilipoundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, lahaja ya Kiunguja ikiwa imeshachukuliwa kuwa msingi. Mfumo huo umeshikamana sana na matamshi, na anayefaidi kuliko wote ni mtoto wa darasa la kwanza.

Kama unataka kuona ngazi anayopanda mtoto, huna haja ya kitabu. Tumia majina ya miji yetu. Masasi ni ma-sa-si: herufi nne tu tofauti, silabi tatu nyepesi. Mtoto aliyemaliza mstari wa m na mstari wa s anasoma jina la mji wake kabla ya likizo ya kwanza. Newala ni ne-wa-la, nayo haina kikwazo. Lindi inaonekana fupi, lakini ni li-ndi, na hapo n na d zimeshikana pamoja zikabeba irabu moja. Tandahimba ina mishikano miwili ya namna hiyo: ta-nda-hi-mba. Mtwara ni ngumu zaidi, m-twa-ra, kwa sababu m imesimama peke yake bila irabu, halafu t na w zimekumbatiana. Kisha inakuja Nachingwea. Na-chi-ngwe-a. Hiyo ngwe ina herufi nne ndani ya silabi moja. Kutoka Masasi mjini hadi Nachingwea si mbali kwa basi. Kwa mtoto anayejifunza kusoma ni safari ya karibu mwaka mzima.

Hiyo m inayosimama peke yake inastahili tuitazame vizuri, maana ndipo watu wazima wengi hudhani mtoto anachanganyikiwa, kumbe anajua kuliko wanavyofikiri. Chukua mbuyu na mbuzi. Yote mawili yanaanza na mbu. Mwambie mtoto wa Mikindani, ambako mibuyu ipo kila upande, apige kofi kwa kila silabi. Kwenye mbuyu atapiga matatu: m-bu-yu. Kwenye mbuzi atapiga mawili: mbu-zi. Hakuna aliyemfundisha kanuni hiyo. Sikio lake limeshaipokea tangu akiwa mgongoni kwa mama. Hata neno mbaya hugawanyika kulingana na linachokielezea: mtu mbaya ni m-ba-ya, nyumba mbaya ni mba-ya. Ndiyo maana walimu wa madarasa ya mwanzo hupigisha watoto makofi wanapofundisha silabi. Mpita njia anaweza kudhani ni mchezo wa kuwachangamsha tu, lakini makofi yale yanatoa kwenye sikio kitu ambacho mtoto tayari anacho na kukileta mbele ya macho.

Sikio hilo la kusini lina mambo yake. Mtoto wa Newala huenda anazungumza Kimakonde na bibi yake, wa Ruangwa Kimwera, wa Masasi Kimakua au Kiyao. Lugha hizi ni ndugu wa Kiswahili, na mwendo wake wa silabi unafanana nacho, kwa hiyo wimbo wa ba, be, bi, bo, bu haumshtui. Sauti ya ng' ya ng'ombe, inayowatoa jasho wageni, kwake ni ya nyumbani. Lakini dh ya dhahabu, th ya thelathini na gh ya ghali zilikuja na maneno ya Kiarabu, na mtoto hawezi kuzipata kwa bibi. R na l nazo humsumbua: kalamu inageuka karamu, na mwalimu anabaki kukisia kama mtoto anaomba cha kuandikia au anaita watu kwenye shughuli.

Tena huku kwetu wengi hutamka m ya mwanzo kama n. Tunasema ntoto, nkono, nkeka. Jina la ukoo la Nnauye, linalojulikana nchi nzima, limebaki na n yake ya kwanza ikiwa silabi kamili: N-na-u-ye. Sasa mtoto akiandika "ntoto" kwenye imla, anapata kosa. Kosa ni kosa, na kitabu kinasema mtoto. Lakini ninawasihi wazazi na walimu waitazame hiyo n kabla ya kuweka alama nyekundu. Mtoto aliyeandika "ntoto" amesikiliza sauti, ameitafutia herufi, ameiandika sawasawa kama alivyoisikia. Amefanya kazi yote ya kusoma na kuandika. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba kitabuni sauti hiyo huandikwa m. Yuko mbele sana ya mtoto aliyenakili "mtoto" kutoka ubaoni bila kujua ni nini.

Watoto wengi wa pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, huwa wameonja njia hii kabla ya shule. Madrasa wameshaimba ba, bi, bu, maana Kiarabu kina irabu fupi tatu, na kila herufi hupitishwa kwenye hizo tatu. Shuleni zinaongezeka e na o. Zamani, Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, msomaji mara nyingi alilazimika kutambua mwenyewe kama pale pana o au u, pana koko au kuku. Mstari wa silabi tano ubaoni unamwondolea mtoto kazi hiyo.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba wimbo una hatari yake. Mstari ukishakuwa wimbo, mtoto anaweza kuuimba wote akiwa anatazama dirishani. Nilimwandikia mpwa wangu mstari wa k: ka, ke, ki, ko, ku. Akausoma kwa kasi kama maji. Nikaufuta, nikaandika ko peke yake. Akanyamaza. Midomo yake ikaanza kusema kimyakimya, ka, ke, ki, kisha akapaza sauti: "Ko!" Alikuwa anapanda ngazi kuanzia chini kila mara ili afike anapotaka.

Hiyo ndiyo sababu mkazo wa ufundishaji umebadilika. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015 uliweka mbele Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, tunazoziita KKK, na mtoto huanza na sauti ya herufi kabla ya jina lake. Anafundishwa kwamba herufi ile hutoa mmm, si kwamba inaitwa "emu". Ukiunganisha mmm na a, ma inasikika yenyewe. Ukiunganisha "emu" na a, unapata emua, na mtoto ana haki ya kushangaa. Hapa kusini mradi wa Tusome Pamoja uliofanya kazi Mtwara, na EQUIP-Tanzania uliofanya kazi Lindi, uliwapa walimu wa madarasa ya mwanzo mafunzo ya kufundisha kusoma. Katika upimaji wa stadi za kusoma wa darasa la pili uliofanyika nchini 2013, watoto walipewa pia maneno ya kubuni, yasiyo na maana yoyote. Yalikuwa na shabaha: neno la kubuni haliwezi kukaririwa, na anayelisoma ameunganisha silabi mwenyewe.

Nyumbani unaweza kufanya vivyo hivyo bila senti tano. Kata boksi vipande vipande, andika silabi moja kila kipande, vichanganye, mtoto aokote. Ka na ta zikikutana ni kata, zikigeuzwa ni taka. Mwandikishe mchangani kwa kidole. Msomeshe mfuko wa saruji ulioegemezwa ukutani: Da-ngo-te. Jina hilo limetoka Nijeria, na bado linakubali kugawanywa kama yetu.

Kurudiarudia nako kuna kazi yake, ili mradi si wimbo mtupu. Vipande vya Kiswahili ni vyepesi, lakini maneno yake ni marefu. Tazama atakapowasomea: a-ta-ka-po-wa-so-me-a, silabi nane. Mtoto anayefikiri kwa muda kwenye kila silabi akifika a ya mwisho ameshasahau ile ya mwanzo, na neno zima linamponyoka. Kila silabi inabidi itambulike kwa mtupo mmoja wa jicho ili akili ipate nafasi ya kuelewa. Kasi hiyo haiji kwa kuelezwa, huja kwa kuona ta na wa na me mara mamia, mahali tofauti tofauti. Na kwa kuwa kila hatua inakalia iliyotangulia, wiki mbili za kutokuwepo zinamuumiza mtoto wa darasa la kwanza kuliko mkubwa wake wa darasa la sita. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, ndipo darasa linapokuwa kwenye ndi, mba na ngwe. Mtoto anayebaki shambani kuokota korosho siku hizo anarudi na kukuta wenzake wameshavuka.

Swali la mpwa wangu nilikuja kulijibu siku nyingine, kwa neno hilohilo la atakapowasomea. Bu haina maana, nikamwambia, lakini tazama hizi. A ya mwanzo ni yeye. Ta ni jambo ambalo bado halijafika. Wa ni wale watakaosomewa. Silabi alizokuwa akiziimba bila kujua zilikuwa zimebeba watu na wakati ndani yake. Hakusema kitu. Alichukua kalamu, akafuta a, akaweka ni, akasoma polepole: "Ni-ta-ka-po-wa-so-me-a." Akauliza kama sasa ni yeye atakayesoma.

Mwezi uliofuata tulisafiri pamoja kwenda Dar es Salaam. Njia nzima alisoma vibao, vingine vikimpita kabla hajamaliza. Kwenye njia panda ya kwenda Kilwa basi lilisimama, akapata muda wa kutosha. Alipiga makofi matano taratibu magotini mwake, na ile ru ya katikati ikatoka lu: "Na-ngu-lu-ku-ru." Akatazama kibao tena, akarudia.