Tawi la Tatu, Daktari Yuleyule

Saa mbili kamili asubuhi, simu za kliniki za madaktari wa familia Uingereza huanza kulia kwa mpigo. Mwenye kifurushi kikubwa huweka simu mezani, akanywa chai yake huku akisubiri zamu. Anayeungaunga vocha salio humwishia akiwa wa saba kwenye foleni. Katika mitaa ya hali duni, mara nyingi huyo wa pili ndiye anayeumwa zaidi.

Mwaka 1971, Julian Tudor Hart, daktari wa familia katika kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg, Wales, aliandika katika jarida la Lancet kwamba huduma nzuri huelekea kuadimika palepale inapohitajika zaidi. Alikuwa akiwapima wagonjwa wake wote shinikizo la damu, hata waliokuja kwa ajili ya kikohozi tu. Utafiti wa Uskoti uliochapishwa 2012, uliopitia rekodi za watu zaidi ya milioni 1.7, ulionyesha kuwa wakazi wa maeneo maskini kabisa huanza kubeba maradhi mawili au zaidi kwa pamoja miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wenzao wa maeneo yenye nafuu.

Njia moja ya kuwasogezea watu hao huduma ni kliniki moja kufungua matawi matatu au manne mjini, na hilo ni suala la miguu kwanza. Mama mwenye pacha na kigari, anayelazimika kupanda mabasi mawili, ataahirisha chanjo. Tawi likiwa chini ya maghorofa anamoishi, atashuka tu. Matawi hutumia orodha moja ya wagonjwa na rekodi moja: damu ikitolewa tawi hili Jumatatu, daktari aliye tawi lingine anasoma majibu. Daktari akiugua, mlango haufungwi. Na kliniki kubwa inamudu kuajiri mfamasia wa kupitia rundo la dawa za mzee, jambo ambalo daktari aliye peke yake hawezi.

Ila ukubwa una hasara yake, nayo wasimamizi hawapendi kuizungumzia kwa sababu haionekani kwenye hesabu ya miadi. Mgonjwa anaanza kukutana na sura mpya kila safari. Utafiti wa Norwei uliochapishwa 2022 uliwalinganisha watu waliokaa na daktari mmoja wa familia zaidi ya miaka 15 na wale waliokaa naye mwaka mmoja au chini: wa kwanza walilazwa kwa dharura kwa kiwango cha chini kwa asilimia 28 hivi, na vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 25. Kwa maoni yangu, tawi lisilo na daktari wake ni kituo cha basi tu. Dawa yake si ngumu: gawa orodha, kila fungu lipewe timu ndogo ya madaktari wawili, muuguzi na mtu wa mapokezi anayewajua watu kwa sura.

Tatizo kubwa zaidi ni muda. Miadi ya kawaida Uingereza ni kama dakika 10. Mchukue mtu wa miaka 52 mwenye kisukari na pumu, anayelala chumba chenye ukungu mweusi ukutani. Dakika tano zimeisha kwenye sukari. Pumu inapofikiwa, anatoa mfukoni barua ya kukatiwa posho ya serikali. Ukimwongezea dozi ya dawa ya kuvuta na ukuta ukabaki vilevile, atarudi. Ndiyo maana kliniki nyingi sasa zina mfanyakazi ambaye si daktari wala muuguzi: yeye huandikia halmashauri kuhusu nyumba, hujaza fomu za posho, hukaa na mwenye madeni. Uskoti, kundi la kliniki 100 zinazohudumia maeneo maskini kuliko yote, lililoanza kukutana 2009 na kujiita Deep End, yaani upande wa bwawa wenye kina kirefu, limelidai hilo kwa sauti, pamoja na muda zaidi kwa kila mgonjwa.

Mawili yanafaa kujulikana na anayeishi England. Kujiandikisha kwa daktari wa familia hakuhitaji kitambulisho, uthibitisho wa anwani wala karatasi za uhamiaji. Ukiambiwa huwezi kwa kukosa hivyo, omba kuzungumza na meneja wa kliniki. Na mkalimani ni bure, ila mwombe unapoweka miadi, si ukishaketi mbele ya daktari. Usimbebeshe mtoto wa miaka kumi kazi hiyo: atakapofika kwenye neno uvimbe, ama atalificha asikutishe, au atalisema na usiku asilale.