Singeli Haipandi Mlima

Watanzania wenzangu wanapojiandaa kupanda Kilimanjaro, swali la kwanza huwa bei. La pili, karibu kila mara, ni hili: "Kaka, spika naruhusiwa kubeba?" Wazungu hawaulizi. Hedifoni zao zimeshalala begini kimya kimya, utaziona siku ya pili. Zamani nilikuwa najibu "acha nyumbani" na mazungumzo yanaishia hapo. Lilikuwa jibu la uvivu. Leo nalijibu kwa kirefu, maana ndani yake kuna habari ya mwili, ya hewa na ya kazi, siyo adabu peke yake.

Kwa asiyenijua: naongoza wageni mlimani, njia ya Machame na ya Lemosho zaidi. Wapagazi wetu, ambao wenyewe hujiita wagumu, wanatuita "magaidi", yaani "guide" ya Kiingereza iliyoangukia mahali pabaya kwenye Kiswahili. Mgeni wa Dar akilisikia getini kwa mara ya kwanza hugeuka kutafuta polisi.

Kuna kijana mmoja nilimpandisha msimu wa Januari, yeye na dada yake. Alishuka kwenye gari geti la Machame spika inaning'inia begini, singeli inagonga. Mimi singeli sina ugomvi nayo, harusi ya kwetu bila singeli haijaisha. Lakini ule muziki una mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mguu wa binadamu una tabia moja: ukisikia mapigo unayafuata, haukuombi ruhusa. Hatujamaliza robo saa msituni, kijana yuko mbele yangu mita 50, anatembea kama anawahi mwendokasi wa mwisho Kimara. Dada yake nyuma anahema.

Kutoka geti lile hadi kambi ya kwanza tunapanda zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja. Hiyo "pole pole" iliyoandikwa kwenye fulana zinazouzwa Moshi ni dawa. Mwili unahitaji muda uzoee hewa yenye oksijeni kidogo, na anayekimbia siku ya kwanza hulipa siku ya tatu kwa kichwa kuuma na chakula kumkataa. Usiku wa kilele natembea hatua 40 kwa dakika, pengine pungufu. Sijui muziki wowote wa dansi unaokwenda hivyo. Nilimwambia kama ni lazima basi aweke taarabu ya zamani, ile ambayo mwimbaji anaanza kuimba chai imeshapoa. Akacheka, akazima.

Kimya chenyewe hakikuja. Watu husema wanakwenda msituni kutafuta kimya, na msitu wa Kilimanjaro hauna kimya hata dakika moja, ukiacha sauti zake zikufikie. Alfajiri mbega dume anaanza kunguruma, mlio mkavu wa kukwaruza kama pikipiki inayokataa kuwaka, unasikika zaidi ya kilomita moja. Dume wa upande wa pili wa bonde anamjibu, kisha wa tatu, na kwa dakika kadhaa mabonde yote yanagombana. Shorobo anakoroma juu ya mti. Humwoni mpaka aruke, mabawa mekundu yakufumbe macho. Usiku ni zamu ya perere. Huyu ni mnyama wa ukubwa wa sungura, ndugu yake wa karibu ni tembo, amini usiamini, na ana sauti isiyolingana kabisa na mwili wake: anaanza kwa kukoroma, anapanda, anamalizia kwa ukelele wa mtu anayekabwa. Kambi ya Mti Mkubwa nimewahi kukuta mgeni katoka hemani na kisu cha kukatia mkate, anauliza nani anamuua mtoto. Jirani yake wa hema la pili, aliyelala na spika masikioni, aliamka asubuhi akalalamika kwamba msitu huu hauna wanyama.

Hizo ni starehe. Sasa niseme habari ya kazi.

Mlimani sikio linafanya kazi kabla ya jicho. Msituni mvua huisikia kwanza: inakuja inatembea juu ya majani, kishindo kama cha mchele unaomwagwa kwenye ungo, na una kama dakika moja ya kutoa poncho kabla haijakufikia. Mwenye muziki masikioni huanza kutafuta poncho akiwa ameshalowa, na aliyelowa siku ya kwanza hukauka kwa shida sana siku zinazofuata. Uwanda wa Shira ni wazi, hakuna mti wa kujificha, na radi pale si mchezo. Ukiona mwanga, anza kuhesabu. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ngurumo ikifika kabla hujamaliza 30, mvua yenye radi iko ndani ya kilomita 10: shuka kwenye tuta, weka fimbo za chuma mbali nawe. Hesabu hiyo haihitaji mtandao. Inahitaji sikio lililo wazi.

Halafu mawe. Usiku baridi hugandisha maji kati ya mawe, yakashikana. Jua likitoka barafu inaachia, na jiwe likiachia lina sauti yake: tak, kisha kimya kifupi, kisha tak-tak-tak inayoongeza kasi. Kile kimya kifupi ndicho muda wako wote. Januari 2006, mawe yaliporomoka upande wa Western Breach, njia mojawapo ya kwenda kileleni, yakaua wapandaji 3 kutoka Marekani, na njia ile ikafungwa kwa muda mrefu. Sisemi kwamba kusikia kungewaokoa, maporomoko mengine hayakupi nafasi. Nasema kwamba kwenye ukuta wa Barranco, mgumu wa juu akipiga kelele "Jiwe!", nataka kila mtu wangu asikie neno lile lile kwa wakati ule ule. Nikimkuta mgeni pale ana kitu masikioni, tunasimama hadi akitoe. Hapo sina mjadala, awe mzee wa heshima au mtoto wa nani.

Lakini sauti ninayoitegemea kuliko zote ni pumzi. Wageni wanadhani kipimo kikubwa ni kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Nacho ninacho, nakitumia asubuhi na jioni. Katikati ya hapo natumia masikio. Usiku kwenye kambi za juu napita polepole kati ya mahema nikisikiliza waliolala. Mtu mzima kabisa, mwenye afya, akilala juu ya mita 4,000 anaweza kupumua haraka haraka, kisha akakata kabisa kwa sekunde 10 hivi, kisha akavuta hewa kwa nguvu kama aliyeibuka majini. Hilo hutisha wenzake lakini ni la kawaida. Ubongo unarekebisha hesabu yake ya hewa. Lisilo la kawaida ni kikohozi chenye maji. Weka sikio mgongoni mwa mtu huyo: unasikia mchakacho mdogo, kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija. Hayo ni mapafu yanayojaa maji, na huyo anashuka usiku huo huo, hangoji mapambazuko.

Njiani nasikiliza pia miguu. Mtu aliye sawa, buti lake linatua na kunyanyuka. Aliyechoka analiburuza. Aliyepatwa na mlima analiburuza bila mpangilio, fimbo zake zinagonga kama saa iliyoharibika. Nikiwa mbele, gizani, taa ya kichwa inanionyesha mita 3 tu za vumbi, na sigeuki nyuma kila hatua. Watu wangu wote wa nyuma nawaona kwa masikio.

Ndivyo ilivyokuwa usiku ule wa Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Tulitoka saa sita usiku. Kijana wangu akaniomba, "Kaka, nivae spika za masikioni tu, sauti ndogo, zinanipa moyo." Nilikubali. Hilo lilikuwa kosa langu, silisukumi kwa mtu mwingine. Juu ya kambi ya Kosovo nikasikia buti linaburuzwa, nikajua ni dada yake. Kisha nikasikia anamwita mdogo wake kwa jina. Akaita tena. Mara ya tatu sauti ilikuwa ndogo, ya mtu ambaye ameshakata tamaa ya kujibiwa. Kijana alikuwa hatua mbili mbele yake, mimi nilikuwa mtu wa tano mbele. Nikasimamisha msafara, nikarudi nyuma. Dada alikuwa amekaa juu ya jiwe, ametapika, nikamwambia asimame atembee hatua 10 zilizonyooka, akashindwa. Kijana aligeuka baada ya kuona taa zimesimama. Akatoa kitu sikioni, akauliza, "Kwani tumefika?"

Msaidizi wangu alimshusha dada hadi Barafu, na asubuhi wakaendelea kushuka. Kila mita aliyoshuka ilimrudishia rangi. Kijana alifika Uhuru, mita 5,895, hana muziki wowote. Si kwamba alijifunza. Baridi iliua betri kabla ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta. Baridi ile inanyonya betri kuliko kitu chochote, simu ikae ndani ya koti, karibu na ngozi.

Najua msomaji anataka kuniuliza: na wale wagumu wenu wanaopita na redio juu ya mzigo je? Nawajua, nilikuwa mmoja wao. Mtu amebeba kilo 20, ameamka kabla ya mgeni, atalala baada ya mgeni. Nilipoanza kuongoza nilijaribu kuzipiga marufuku. Mzee mmoja wa Marangu, anayenizidi umri na safari, akaniambia, "Mbe, hii redio ni mguu wangu wa tatu. Ukiizima, nibebee mzigo." Sikuwa na jibu. Ina faida pia: redio inayokuja nyuma inakwambia sogea, mzigo unapita, na usogee upande wa mlima, siyo upande wa bonde. Tukaelewana hivi: msituni asubuhi inazimwa, baada ya chakula cha jioni inazimwa, ukutani Barranco inazimwa. Kuna ruhusa moja ya kudumu. Simba na Yanga wakicheza, hema la jikoni linafanya litakavyo, na mgeni akilalamika naenda kumweleza mimi mwenyewe.

Kambini usiku kuna hesabu nyingine ambayo wengi hawaijui. Mchana ardhi ina joto na sauti hupinda kwenda juu, ikapotea. Usiku hewa ya chini inapoa kuliko ya juu, sauti inapinda kurudi ardhini na kufika mbali. Barranco imekaa kama bakuli, ukuta wa mita 250 hivi upande mmoja. Spika ndogo unayodhani inasikika hemani kwako tu inasikilizwa na kambi nzima, wakiwemo watu watakaoamka alfajiri kupanda ukuta. Tangu 2022, TTCL walipofikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo, upande wa Marangu, hata kisingizio cha "nina nyimbo tano tu" hakipo tena.

Mgeni mmoja aliwahi kunisimulia habari ya msitu wa Hoh, huko Olympic, Marekani, ambako Gordon Hempton, mtu wa kurekodi sauti za asili, aliweka jiwe dogo jekundu juu ya gogo mwaka 2005, akalitangaza eneo la mraba wa inchi moja kuwa la kulinda dhidi ya kelele za binadamu. Naliheshimu wazo lile. Lakini mlima wetu haujawahi kuwa wa mbega peke yao. Chini kuna migomba na kahawa na kengele za makanisa, na juu wagumu wanaimba. Wimbo wa mdomo mimi siuhesabu kelele. Unanisaidia hata kazini: tunaimba, wageni wanaitikia, na anayeshindwa kuitikia mstari mmoja bila kuvuta pumzi katikati namwandika kichwani. Spika haiwezi kuniambia hilo.

Kwa hiyo beba nyimbo zako. Sikiliza mchana kambini ukiwa umelala chali, mvua inapiga hema na huna pa kwenda. Sikiliza kwa sauti ndogo, sikio moja, usiku ule upepo wa Barafu unapokunyima usingizi. Ukishafunga kamba za buti, toa.

Yule kijana tulimkutanisha na dada yake Mweka, getini, dada akiwa ameshaoga na anakula ndizi choma. Cheti kikapokelewa, bahasha za wagumu zikatoka. Kijana akanijia na ile spika mkononi, imechajiwa kwenye duka la soda. "Kaka, sasa?" Nikamwambia sasa. Mzee wa Marangu ndiye aliyeingia kati wa kwanza, suruali imekunjwa magotini, na dada akamwacha mdogo wake aite mara mbili ndipo akanyanyuka kucheza.